Nguzo ya Saba

Julai, Al-Khuwair. Saa kumi na moja na nusu alfajiri
na joto limekwisha kutoka msikitini kabla yetu.
Gari nimeliacha chini, ghorofa ya giza,
tukapanda ngazi za umeme. Maduka bado yamefumba macho;
ni sisi tu na kijana wa Kibangali
anayesukuma mashine ya kufagia kama anayebembeleza mtoto.

Daktari Ghudayna kasema: nusu saa, kila siku.
Miguu ikitembea, kichwa nacho hupata maji.
Hakusema hivyo khasa. Alisema kwa Kiarabu kirefu,
mie nimeyapunguza yaingie mfukoni.

Rayya ananitangulia. Raba nyeupe chini ya buibui,
zawadi ya mjukuu, zinalia kwenye marumaru: kwi, kwi.
Mwaka jana alisahau chumvi.
Kisha akasahau kwamba ameshaitia, akaitia mara tatu.
Mwezi wa Rajabu likampotea jina la dada yake,
akamwita "yule, yule wa Wete, mwenye mwanya."
Nikacheka.
Nikaenda kulia stoo, baina ya magunia ya mchele.

Basi tunatembea. Raundi ya kwanza tunahesabu Kiswahili,
ya pili Kiarabu, ya tatu kinyumenyume kutoka hamsini,
na hapo mie hukwama kwenye thelathini na tisa.
"Thelathini na nane, Zahor. Twende, usinikawize."

Goti la kushoto lina lake jambo.
Analisikiliza, halijibu.
Kwenye duka la manukato husimama,
huvuta pumzi mbele ya mlango uliofungwa:
"Udi wa mama." Na kwa hatua kumi hivi
mama yake hutembea katikati yetu.

Wiki ya sita. Muujiza hakuna. Chumvi bado inapotea.
Lakini usiku analala. Na juzi kamkemea mwanetu kwenye simu
kwa kosa la mwaka themanini na tisa,
kosa zima, na rangi ya shati.

Leo tumemaliza, tumeshuka.
Nikasimama na ufunguo. Magari meupe, meupe, meupe.
Nikabonyeza; hakuna lililoitika.
Nikaenda kulia, nikarudi. Mie, mwenye akili ya nyumba,
niliyeandika jina langu na namba ya simu
nikaitia karatasi mkobani mwake, asije akapotea,
jasho likanishuka mgongoni, wala si la joto.

Aliniacha nihangaike kidogo. Alikuwa na haki hiyo.
Kisha akanishika kiwiko,
vile vile ninavyomshika yeye.
"Nguzo ya saba," akasema. "Nimeifunga kwa watoto.
Sita tuliowalea, na yule tuliyemwacha Nizwa, mchangani."

Tukaenda. Raba zikalia.
Nikazihesabu nguzo kwa sauti, moja moja,
nikafika sita, nikanyamaza.
Ya saba akaitaja yeye,
kwa jina.