Ukurasa wa Kumi na Nne

Miaka tisa niliandika vitabu vya maelekezo
pale kiwandani Rustavi, ghorofa ya tatu,
dirisha langu likitazama bomba la moshi lisilotoa moshi.
Niliandika juu ya boila ambazo sikuwahi kuziwasha.
Injinia Gocha alinipa michoro, nami nikaipa sentensi,
sentensi ndefu zenye tai na koti,
zikipishana mlangoni: tangulia, hapana, tangulia wewe,
na jambo lenyewe limesimama nje kwenye baridi.

Kisha ikaja barua kutoka Mestia, huko milimani,
shule ya watoto mia na kumi,
mwandiko wa penseli:
"Nimefanya kama mlivyosema. Mkono umeungua."

Nilipanda milima siku nzima, theluji ikinisindikiza.
Bidzina, mtunza boila, alinipa mkono wa kushoto.
Ule mwingine ulikuwa ndani ya bendeji hadi kiwikoni.
Hakunilaumu. Alinipa chai, akanipa kitabu changu,
kurasa zimegandana kwa masizi,
akasema: "Kaa hapo. Nitazame nikisoma."

Sikuwahi kumtazama mtu akinisoma.

Alivaa miwani iliyofungwa kwa waya.
Mkono mzima kwenye vali, ncha ya bendeji kwenye mstari,
midomo ikitembea:
"Vali ya usalama, baada ya kuhakikishwa kwamba kanieneo
imetengemaa, ifunguliwe taratibu..."
Hapo karatasi ikaisha,
na hapo ndipo, siku ile, alipofungua.
Sasa akageuza ukurasa, polepole, kama anayefunua sufuria ya moto:
"...isipokuwa pale ambapo kipimo kimevuka sita."

Lile "isipokuwa" lilikuwa langu.
Nililipenda. Lina silabi tano na adabu nyingi.
Nililiweka nyuma ya ukurasa,
kama mtu anayepiga kelele "shimo!"
kwa aliyekwisha kutumbukia.

"Na hii 'ifunguliwe'," akauliza, "ifunguliwe na nani?
Humu ndani tuko mimi na paka."

Nikacheka, halafu kicheko kikanishinda kumaliza.
Miaka tisa nilijibu maswali
ambayo hakuna aliyeniuliza:
historia ya kiwanda, aina ya chuma, shukrani za mkurugenzi.
Nani avali glovu, nani hasomi bila mwanga,
nani ana mkono mmoja tu wa kushikia kitabu,
hayo sikuuliza.

Nikaazima penseli yake.
Kanieneo alilikata mwenyewe, mara mbili:
"Sisi husema mshale."
Nikatetea "taratibu". Nikasema ni neno zuri.
"Taratibu yangu na yako si moja," akajibu.
"Mwanangu Beso akifungua taratibu, mlango hung'oka."
Basi:

Tazama mshale.
Uko kwenye nyekundu? Usiguse vali. Toka. Funga mlango.
Uko kwenye kijani? Vaa glovu.
Fungua vali nusu mzunguko. Subiri.

Niliyatazama maneno yale kama kondoo aliyenyolewa,
madogo, yanatetemeka, yanaonekana miguu yote minne.
Nilijua Gocha atasema huu ni mwandiko wa chekechea.
Juu yetu kengele ikalia,
nyayo za watoto zikamwagika darini kama maharage.

Bidzina akaanza upya. Hatua ya kwanza, ya pili.
Jicho likawa kwenye mshale zaidi ya kwenye karatasi.
Boila ikakohoa, ikanguruma, ikatulia.
Ya tatu, ya nne, ya tano. Nilikuwa nimeanza kujipongeza.

"Ya sita," akasoma. "Geuza mkono wa pampu kulia."
Akasimama.
Alikuwa mbele ya mtambo, mimi nimekaa nyuma yake,
na mchoro, sasa naukumbuka, ulichorwa kutoka juu.

"Kulia kwa nani?"

Nikautazama ule mkono wake, wa kulia,
mweupe kwa bendeji, umeelea hewani, unasubiri niamue.

Nikarudi kwenye gunia la makaa.
Nikachonga penseli.