Hesabu ya Kushoto

Fundi Mchopa ndiye aliyeona kwanza.
Alinizungushia utepe mgongoni, akaguna,
akapima tena. "Hili bega la kulia
limeshuka vidole viwili, Likwena.
Nikushonee shati moja, au nusu mbili?"

Sikucheka. Misimu kumi na tisa ya korosho
imepita juu ya bega hilo,
ghalani Newala, gunia nyuma ya gunia,
lori limetega mgongo mlangoni
na karani anachora vijiti, vinne vimesimama, cha tano kimelala.
Kushoto kulikuwa kwa kushikia kofia.

Hospitalini nilisimamishwa kifua wazi mbele ya kioo.
Bi Nangomwa hakuniuliza panapouma.
Alinipa chupa ya lita moja na nusu,
ndani mchanga wetu huuhuu mwekundu.
"Inua pembeni, shusha polepole. Anza na mnyonge.
Akichoka kwenye nane, mwenzake naye nane.
Mwenye nguvu usimwongezee hata moja."

Nane!
Mimi wa magunia mia kwa siku
nilitetemeka kwenye sita.
Mkono ulikuwa kama mgeni aliyekaa kwangu miaka
bila kuulizwa jina.
Na bega la pili, kiherehere, likapanda lenyewe
kuja kusaidia,
hadi Somoe, binti yangu, akaliwekea kiganja:
"We wa kulia, hujaitwa."

Sasa ndoo ya bombani naibeba kushoto.
Komeo, kushoto. Jembe, nimegeuza mshiko.
Korosho nabangua kushoto, na nusu zinavunjika,
tunazila hivyohivyo.
Mama mkwe alipofika na kikapu chake
niliunyoosha huohuo bila kufikiri.
Alinitazama. Nikaomba radhi,
nikampokea kwa yote miwili.
Wa kulia ni wa kulia ugali,
nimelelewa hivyo na sibishi.
Ila usiku ule wa kwanza, kitandani,
wa kushoto ndio uliolia.

Wiki ya tisa: kumi na moja kwa kumi na moja.
Wa kulia unachoka kusubiri.
Nikilala unakunja ngumi wenyewe,
naukuta asubuhi umeshika shuka.
Nauhurumia. Haukuiba kitu,
ulipewa kila kitu.

Mchopa ameifumua sponji aliyonifichia begani,
akaikata katikati, akairudisha nusu.
"Hii nyingine," amesema na uzi mdomoni,
"tuiache kwanza, msimu huo unakuja."

Umekuja. Leo malori matatu.
Gunia la kwanza nimelipokea kulia, kwa mazoea.
La pili linashuka kutoka juu ya rundo,
nami nimesimama,
nageuka.
"Likwena! Unazunguka nini, lori linasubiri!"

Nahesabu.