Na, Au

Mimi ndiye ninayeandika. Sina kura katika ubishi huu.
Nina kigoda chini ya meza ya Spika,
mashine yenye vitufe ishirini na viwili
na masikio yaliyokula kiapo.

Nje, watalii walioshuka melini
wanalipiga picha jengo letu la rangi ya waridi.
Ndani, muswada uko mezani siku ya tatu,
na shauri lote, hapa Nassau, ni neno moja:
palipoandikwa *baba au mama*
pasomeke *baba na mama*.
Herufi mbili zitoke, mbili ziingie.
Wino wake haulowanishi ncha ya sindano.

Mheshimiwa Deveaux wa visiwa vya kusini anasimama,
anapandisha suruali, anakohoa.
Kikohozi hakiandikwi.
"Mheshimiwa Spika, nyumba isiyo na mlango si nyumba, ni njia!"
(Makofi.)
"Na wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu —"
"Jembe tumeshampa!" Ni Bi Pinder, upande wa pili.
"Miaka arobaini analo! Nani alimwaga zege la nyumba yako?"
(Kicheko. Spika: Utulivu! Utulivu!)
Naandika yote, pamoja na jina Deveaux,
lenye Kifaransa ndani yake
kama mwiba ndani ya samaki.

Juu, kwenye roshani ya wageni, yuko Wislande,
jirani yangu wa barabara ya Carmichael.
Amepakata mfuko wa nailoni:
kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo,
ripoti za shule tangu chekechea,
stakabadhi za kibali, kila mwaka na muhuri wake.
Cheti cha kuzaliwa kilinyweshwa maji na kimbunga.
Jina la mama linasomeka.
Jina la baba, Rolle, limekuwa wingu la buluu.
Mwanawe Kervens ana miaka kumi na saba na miezi minane.
Kwa *au*, anaingia.
Kwa *na*, anabaki barazani na tarumbeta yake,
aliyopigia wimbo wa taifa
siku Waziri alipokuja kukata utepe.

Saa kumi na dakika tano umeme ukakatika.
Feni zikazunguka kwa mazoea, kisha zikachoka.
Kanuni ya Hansadi iko wazi:
kisichopita kwenye kipaza sauti hakikusemwa.
Hapo gizani nikamsikia Deveaux,
si kwa sauti ile ya jukwaani, kwa sauti ya mtu aliyevua viatu:
"Yule mtoto wa Rolle namjua.
Anapiga tarumbeta kanisani kwetu.
Mtoto mzuri."
Akanyamaza. Mtu akabofya kalamu, tki, tki.
Vidole vyangu vilikuwa juu ya vitufe.
Havikushuka.

Jenereta likanguruma. Taa.
"Kama nilivyokuwa nikisema, Mheshimiwa Spika, mlango —"
(Umeme ulikatika. Kikao kilisimama dakika sita.)

Kura ikaahirishwa hadi Jumatano.
Kituoni Wislande aliniuliza, "Wamesema nini?"
maana Kiingereza chao cha bungeni kina kona nyingi.
Mimi niliyeandika kurasa mia na kumi na mbili
nikamshikia mfuko apate kutafuta nauli.

Usiku nikasoma upya, nikipanga nukta na mabano.
Ukurasa wa tisini na nne, maneno ya Deveaux:
yeye alisema *na*,
mkono wangu ulikuwa umeandika *au*.
Miaka kumi na tisa kazini, sijawahi kukosea namna hii.
Nikaisahihisha. Kiapo ni kiapo.
Lakini nilikaa nayo kwanza, ile *au*,
kama unavyokaa na mgeni mlangoni
ambaye basi lake bado halijafika.