Mwalimu Anagonga Mlango

Saa saba za usiku mbwa wanabweka kwa zamu,
nami nina karatasi ishirini na tatu
na tochi ya mwanangu.
Mkuu wa kijiji aliniambia:
Wewe, Sesegma, wanakujua.
Mwalimu hafungiwi mlango.

Nikaanza kwa akina Dugarov.
Dulma akafungua, shali begani, usingizi ungali jichoni:
"Mwalimu! Zorigto kakosa nini tena?"

Maana tangu darasa la tano
nikifika kwao usiku, kuna kioo kimevunjwa.

"Hakukosa neno, Dulma.
Tia sahihi hapa."

Nilimfundisha Kiburyati, kijana huyu.
Aliandika insha kuhusu Baikali,
ziwa lilalalo kama mama mchovu,
nami nikamkata alama, wino mwekundu,
kwa kuwa aliifupisha irabu ndefu.
Siku hizi somo lenyewe ni saa moja kwa wiki,
Ijumaa, baada ya mazoezi ya viungo,
kwa atakaye.

Alipokwenda mjini kutafuta chumba
matangazo yalisema: tunapangisha kwa Waslavi tu.
Alinionyesha kwenye simu, akicheka
kicheko cha mtu aliyemeza mfupa.
Usiku ule, kwenye karatasi, alikuwa mwana wa taifa.
Jina lake, jina la baba, namba ya nyumba,
hakuna herufi iliyopotea.
Miaka yote hawakuweza kututamka.
Kumbe kuandika walijua.

Wakaondoka kwa mabasi ya shule.

Tukabaki na magogo ya kupasua.
Tukabaki na mto: barafu ya kunywa tunaikata wenyewe,
msumeno umenizidi kimo,
na Darima, mimba ya miezi saba,
anasukuma vipande kwenye sleji akihesabu kwa sauti
ili asiwaze.
Jioni tunakwenda ukumbi wa michezo
kusuka nyavu za kufichia mizinga.
Tumechana mapazia, tumechana mashuka ya harusi,
tumeyatia rangi ya majani ya nchi
ambayo haikutualika.
Hapana azungumzaye. Ukizungumza, utaulizwa ulisema nini.

Halafu fidia.
Butidma amenunua gari jeupe.
Msimcheke.
Kila Jumapili huliosha kwa maji ya moto,
hufuta vioo, hukaa kiti cha abiria
hadi giza liingie.
Hajui kuendesha.

Redioni wanasema: mashujaa wetu Warusi.
Kule walikokwenda wanasema: walikuja wa macho membamba, makatili.
Kwa sifa hatuna jina; kwa lawama tuna sura.
Wala siapi kwamba mikono yao ilikuwa safi.
Mwalimu akigeukia ubao
hajui nyuma yake kunatendeka nini.
Nilijifunza kugeukia ubao kwa muda mrefu sana.

Mwezi wa nne, barafu imeanza kulia mtoni,
mlango wangu ukagongwa.
Usiku. Mbwa, kwa zamu.
Nilisimama gizani nisifungue,
nikajua jinsi mlango unavyosikika
ukiwa upande wa ndani.

Alikuwa Dulma, shali ile ile.
Kijana karudi ndani ya bati lililochomelewa,
wamemkataza kufungua.
"Mchonga mawe ni mgeni," akasema,
"anajua Kirusi tu. Niandikie jina lake kwa lugha yetu,
na lile neno lake la ziwa.
Usikosee."

Nilitafuta kalamu nyumba nzima.
Nikapata nyekundu tu.

Mkono ulinitetemeka penye irabu:
ndefu, kwetu, huandikwa mara mbili.
Nikaiandika mara mbili.
Dulma akaishika karatasi kwa ncha za vidole,
kama nilivyoishika ile nyingine,
akaisoma kwa sauti, akaivuta irabu, akaivuta,
mpaka pumzi ikamwishia.