Shaba ya Babu Boasi

Labrado, kwenye baridi
kali inayoshitadi,
mbwa walipokaidi
kuamka thelujini,

babu yangu kaamka,
saa tisa ikifika,
tarumbeta kaishika,
kipulizio kwapani.

Shaba pale ikipoa
midomo huichubua,
ngozi nzima kuitoa,
ikabakia chumani.

Ilikuwa ni Pasaka,
jua halijachomoka;
bendi nzima ikatoka
kupanda makaburini.

Amalia ana taa,
Tobiasi amevaa
ngozi ya dubu, na njaa
imo bado matumboni.

Nyimbo si za kuwaliza:
wafu tunawaeleza
kwamba limepita giza
na Bwana yumo njiani.

Huko wazazi walala,
homa moja iliwala,
na mwongozaji wa sala,
chini ya wiki, jamani.

Yeye wa miaka tisa,
babaye alimuasa:
"Ikikukuta mikasa,
puliza, hata gizani."

"Pumzi ikikatika?"
"Yako ni ya kukopeka;
Mwenyewe huja kutaka
deni lake mkononi."

Serikali ikafunga
duka, shule; ikapanga
tuache ghuba na mwanga,
twende tuishi kusini.

Akachukua birika
la mamaye, na kishoka,
na shaba; akageuka
mara moja tu, melini.

Natani, mwana wa Liza,
pombe ikamgeuza;
barafuni kajilaza,
tukamkuta jioni.

Siku hizo hakusali.
Nasema yaliyo kweli:
alikaa kama mwili
ulioachwa njiani.

Ila vidole, vidole
vilicheza vile vile,
kwenye paja, wimbo ule
uimbwao kaburini.

Liza aliona hayo,
akasema: "Huo moyo
unanuna, una choyo;
vidole vina imani."

Akarudi taratibu,
bila kupata jawabu
wala donda kujitibu,
akasimama safuni.

Nikauliza usiku
mmoja, nina shauku:
"Mungu kakujibu huku
nyuma, juu ya Natani?"

Akanoa kisu chake.
"Hajatoa jibu lake.
Nami sijatoka kwake.
Tunanyamaza nyumbani."

Themanini na miwili,
pumzi ikawa ghali;
hatua tano ni mbali,
apumzike kitini.

Tabibu akakataza:
"Usije ukapuliza!"
Naye akamuuliza:
"Na kusimama safuni?"

Pasaka ya mwisho kwake
nikafunga koti lake,
nikatia shaba yake
kwapani mwangu, jotoni.

Tulimvuta kwa kamba
kwenye ubao mwembamba,
theluji ikitufumba
macho, hadi kilimani.

Bendi ilipoanzisha
yeye aliinyanyusha;
pumzi hakupitisha,
vidole vyake kazini.

Vikapanda, vikashuka,
hakuna aliyecheka;
sauti hakuiruka,
hata ile ya mwishoni.

Mtoto akanong'ona:
"Babu hapigi, waona?"
Akasikia bayana,
kamjibu sikioni:

"Deni limebaki dogo.
Nimepunguza mzigo.
Mdai hana kipigo,
ajua hali mfukoni."

Wiki tatu zikapita,
mchana ukajivuta;
usiku akaniita:
"Nipe shaba mkononi."

Hakutaja hata mbingu,
hakusema, "Mungu wangu";
juu ya mkono wangu
wimbo ukaja ngozini.

Ukafika pale kati,
vikatulia; sauti
ya barafu, kwa wakati,
ikavunjika ghubani.

Siku tuliyomzika
mimi ndimi niloshika;
mdomo ukaniwaka,
ngozi yangu i chumani.

Nilisahau kupasha
shaba; sikuikatisha:
damu ikalainisha
wimbo, hadi ukingoni.

Imani yangu ni haba,
si kama yake ya shaba;
kuna siku naiiba
kwake yeye, mchangani.

Saa tisa ikifika,
mbwa hawajaamka,
shaba, pamoja na shaka,
vyote viwili kwapani.