Kiwiko cha Leyder

Kwao ni jioni, taa za uwanja zinawashwa.
Huku Kakamega ni saa nane usiku,
saa ya majeruhi wa bodaboda kuletwa na tope lao.
Mimi nawapiga picha, paja, muundi, bega,
na Daktari Osniel, Mkuba wetu wa mifupa, anazisoma,
simu ameibana sikioni
kama mkunga anayesikiliza tumbo.

"Mpira gani huo usiopigwa teke?"
Akaviringisha bandeji ya gipsi ikawa tufe,
akaweka vidole viwili juu yake ingali mbichi.
"Mdogo wangu huurusha hivi.
Mwenye gongo anauona, kisha hauoni."

Basi nikamjua Leyder bila kumwona,
aliyetoka kwa mlango wa jikoni wa hoteli ya ugenini
timu ya taifa ikila wali,
akangoja karatasi miezi tisa nchi ya tatu,
akanunuliwa kwa bei ambayo kaka yake aliitaja mara moja tu,
kwa sauti ya chini, kama jina la ugonjwa.
Shuleni kwao picha yake iling'olewa,
ukabaki mraba mweupe na misumari minne.
Yeye alitoroka. Osniel alitumwa.
Mmoja hawezi kurudi, mwingine hawezi kukawia.

Imbwaga wa getini naye akanogewa,
kila alfajiri, "Kijana wetu kawatoa wangapi?"
Usiku wa kumi na mmoja tulicheka wodini
hadi mgonjwa wa kitanda cha tisa, mguu juu, akauliza
nani kajifungua.

Kisha Agosti, mvua ya mawe.
Osniel akaingia chumbani kwangu bila mgonjwa.
Alileta simu. Ndani yake, kiwiko.
Nimeona viwiko vya wakata miwa wa Mumias,
vya watu waliorushwa na fahali Shinyalu;
hiki sikuhitaji kuelezwa.
Kipande cha mfupa, punje ya mtama,
kimebanduka na kano yake.

"Wamemwambia nini?"
"Kwamba atarudi msimu ujao."
"Na wewe?"
Mabati yalilia kama uwanja mzima umesimama.
Alirekodi sauti, akaifuta.
Akarekodi, akaifuta.
Mara ya tatu nilisikia jina tu, fupi, la utotoni pengine,
na pumzi.

Mkataba wake uliisha Machi.
Nasikia Leyder anarusha bado, ligi ndogo ya mji wa joto,
mechi moja kwa wiki, barafu mkononi hadi asubuhi.
Nasikia tu.

Juzi, usiku usio na ajali,
nililiweka lile tufe chini ya mashine.
Tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu,
na katikati kishimo cha hewa.
Daftari lilidai jina la mgonjwa, nikaandika la Leyder.
Sehemu ya mwili: mkono wa kulia.
Malalamiko:
hapo nikakwama, kalamu hewani,
Imbwaga akibisha dirishani kuuliza matokeo.