Ripoti ya Usikivu, Wete

Mawe manne ya redio, yamelala juani
juu ya jamvi moja na karafuu za baba.
Bibi akiyageuza, upande huu, upande ule,
akiapa yakikauka sawa yatapata daraja la kwanza.
Usiku yalitupa dakika ishirini,
na sauti ya msomaji ikipungua, ikipungua,
mpaka ikawa ya mtu anayezama kisimani
huku bado anasoma bei ya shaba.

Baba alitaka taarifa. Mie nilitaka kilicho baina.
Baina ya Kairo na Moscow palikuwa na pahala
pasipo mwenyewe, panavuma, panakwaruza,
na mara: ti-ti-taa, taa-ti,
kama mtu agongaye dirisha asijue jina la mwenye nyumba.
Nani huyu? Mitambo hiyo, lala.
Sikulala. Nina miaka sitini na saba.

Nikiwa skuli ya Utaani niliuza makonyo nikanunua stempu.
Tarehe, saa, mita bendi, nguvu ya sauti moja hadi tano:
*nimekusikieni, tafadhali thibitisheni.*
Kadi ya kwanza ilitoka Sofia, mlima mweupe kote.
Mama akauliza, chumvi yote hiyo ya nani?
Ya thelathini na tatu haikufika. Nilifikishwa mie,
benchi refu, bwana mmoja na faili.
"Watu hawa unawaandikia nini?"
Nawaambia nimewasikia.
"Na wao?"
Wananiambia ni kweli, nimewasikia.
Akaandika mstari, akaufuta. "Basi tu?"
Basi tu.
Kadi zikabaki mezani kwake.
Ya Sofia ilikuwa ndani ya kofia.

Leseni ya kurusha niliipata na miaka hamsini na moja.
Time, mke wangu, akaishika kwa ncha za vidole:
Karatasi hii yakuruhusu nini?
Kusema.
Akacheka mpaka akakaa chini.
Miaka thelathini umenioa, sijakusikia ukisema!

Waya nikaufunga mkarafuuni, ncha ya pili
kwenye mfenesi wa jirani Shaame, kwa mapatano
kwamba nisiingie katika televisheni yake.
Niliingia. Siku ya fainali.

Kisha Isamu, wa Hokkaido.
Wapi? Pemba.
*Pemba ya Msumbiji?*
Siyo. Kisiwa. Wete. Karafuu, nukta kwa kistari.
Kimya. Mkwaruzo. Nikadhani nimempoteza.
Halafu, polepole:
*karafuu naijua. mama akiweka jinoni.*

Miaka kumi na minne, anga ikiruhusu,
tumesemezana meno, mvua, theluji.
Sura yake siijui. Mkono wake naujua:
kistari cha mwisho hukivuta kidogo,
kama mtu anayeburuza kandambili.
Tangu Ramadhani hajaita.

Na siku hizi kila nyumba inavuma,
chaja, friji, vitaa vya rangi vya harusini;
nasikiliza Hokkaido napata jokofu la Shaame.
Ndiyo maana umeme ukikatika,
Jadida nzima ikiguna "aaa!" kwa pamoja,
mie nawahi kiti.

Ilham, mjukuu, ananimulikia kwa simu.
Babu, stesheni zote zimo humu, na hazikwaruzi.
Hiyo ndiyo kasoro yake, nikamwambia.
Akaniangalia kama anavyoangalia hesabu isiyotoka,
kisha akakaa. Akaomba kipaza cha sikio kimoja.

Nikapiga jina la Isamu mara tatu, nikanyamaza.
Mbona huiti tena, babu?
Ukishaita, uwache pahala pa kujibiwa.

Saa nane na robo usiku. Mita ishirini.
Umeme: hakuna.
Mvua juu ya bati: nne.
Komba wa mfenesini: tano kwa tano.
Pumzi ya mtoto, sikio la kushoto: tano.
Hokkaido: bado.